Kiuno, nyonga au kinena? Mwongozo kamili wa kutuliza maumivu ukiwa nyumbani

Watu wenye maumivu ya kiuno hapa Dodoma hawakosi dawa. Wengi wanaorudi kliniki kwa mara ya tatu au ya nne wameshachomwa sindano, wameshafunga mkanda, wameshakunywa mizizi, na bado wanapanda ngazi kwa kushika ukuta. Wanakwama mahali pamoja: hawajawahi kuulizwa waoneshe kwa kidole panapouma. Maumivu ya sehemu tano tofauti yanaitwa "kiuno" na kupewa tiba moja.

Kosa la pili huja baada ya nafuu. Maumivu yakipungua kidogo mtu anarudi kwenye jembe siku hiyohiyo, kwa kasi ileile, na wiki inayofuata yuko kitandani tena.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima. Fuata hatua kwa mpangilio, na usiiruke hatua ya kwanza hata kama unaona haikuhusu.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Mkeka au jamvi sakafuni. Godoro laini halifai kwa mazoezi.
- Kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani.
- Mito miwili. Taulo lililokunjwa linatosha kama mto mmoja.
- Khanga mbili.
- Chupa yenye kifuniko kizuri kwa ajili ya maji ya moto, na kitambaa cha kuizungushia. Usiweke maji yanayochemka.
- Simu ya kupimia muda, daftari na kalamu.
- Fimbo, kama unachechemea. Ukisimama wima mikono ikining'inia, kichwa chake kifike usawa wa kifundo cha mkono.

Mkanda wa kiuno usinunue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini ulishauri mikanda ya kiuno, tiba ya kuuvuta mgongo na dawa za jamii ya opioidi (dawa kali za maumivu kama morfini) visitumike kama tiba ya kawaida.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Maumivu mengi ya mgongo wa chini hayatokani na ugonjwa mkubwa, na hupungua sana ndani ya wiki sita. Lakini machache yanaweza kukuacha na ulemavu au kukuua, na mazoezi hayayasaidii.

Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku, ukiona:

- Mkojo unakataa kutoka, au mkojo au choo vinatoka bila kujijua.
- Ganzi sehemu za siri, msamba au makalio, yaani pale panapogusa kiti ukikaa.
- Miguu yote miwili inaishiwa nguvu, au mguu mmoja unaendelea kulegea siku hadi siku.
- Umeanguka, au umepata ajali ya bodaboda. Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Asikandwe, asivutwe.
- Maumivu makali chini ya kitovu na hedhi imechelewa, hasa ukihisi kizunguzungu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kupasuka.
- Una mimba na unatoka damu, au tumbo linakaza na kuachia.
- Homa kali pamoja na maumivu ya ubavu, au nyonga isiyogeuzika kabisa.

Nenda ndani ya wiki hii kama unapungua uzito, unatoka jasho usiku, au unaumwa usiku hata ukigeukia upande gani. Kifua kikuu huingia pia kwenye pingili za mgongo, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Nenda pia kama umewahi kuugua saratani, unaishi na VVU, au una selimundu na nyonga imeanza kuuma. Kwa wenye selimundu, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kuanza kufa. Mtoto anayechechemea bila sababu apelekwe, asisubiriwe.

Jambo moja linasahaulika sana mkoani kwetu. Kama unafuga ng'ombe au mbuzi, unasaidia mifugo kuzaa, au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, na kiuno kinakuja na homa ya kupanda na kushuka, jasho na uchovu, mwambie daktari habari za mifugo kabla hajauliza. Brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, hupenda kukaa kwenye maungio ya nyonga na pingili. Hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja kwa wiki sita au zaidi, na ukiacha katikati hurudi. Usipomwambia, vipimo vya malaria vinaweza kutoka safi kila mara na ukaendelea kupewa vidonge vya maumivu.

Umefaulu hatua hii: umesoma orodha yote na hakuna kinachokuhusu. Kama kipo, ishia hapa, nenda hospitali.

## Hatua ya 2: Onesha kwa kidole

Simama mbele ya mtu wa nyumbani, umwoneshe mahali panapouma zaidi. Usitaje jina la sehemu. Yeye aangalie mkono wako umetua wapi, kisha mlinganishe na maelezo haya.

A. Katikati ya mgongo wa chini, au pande zake, juu ya makalio. Huu ni mgongo. Unauma ukiinama au ukiinuka baada ya kukaa. Maumivu yakishuka kupita goti kwa kuwaka moto, ganzi au mshtuko kama wa umeme, neva imebanwa au imewashwa.

B. Kwenye kishimo kilicho juu ya kalio, upande mmoja. Hapa ndipo mfupa wa nyonga unapoungana na uti wa mgongo. Panauma ukijigeuza kitandani, ukipanda bajaji, ukisimama kwa mguu mmoja kuvaa suruali. Wajawazito wengi wapo hapa, na wengine huhisi pia maumivu mbele, juu ya mfupa wa kinena.

C. Kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Huku ndiko linakouma ungio lenyewe la nyonga. Mara nyingi mgonjwa huushika ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vingine mbele. Kuvaa soksi ni shida, kuchuchumaa chooni ni shida zaidi. Maumivu yanaweza kwenda hadi gotini, na watu hutibiwa goti kwa miezi bila goti kuwa na kosa lolote.

D. Ubavuni, kwenye mfupa unaotokeza juu ya paja. Huwezi kulalia upande huo. Simama kwa mguu huo mmoja kwa sekunde 30 ukigusa ukuta kwa kidole: kama maumivu yanaamka palepale, kano za misuli ya kalio ndizo zinazolalamika. Wanawake wa miaka 40 hadi 60 ndio wengi hapa.

E. Ndani, chini ya kitovu. Kwa wanawake mara nyingi ni kizazi, mirija, mifuko ya mayai au kibofu. Kwa wanaume mara nyingi ni kibofu au tezi dume. Uchafu wenye harufu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, kukojoa kwa kuungua, damu kwenye mkojo, hedhi inayokulaza kila mwezi: haya yanahitaji vipimo. Nenda kituo cha afya. Ikigundulika ni maambukizi ya zinaa, mwenzi wako atibiwe pia, la sivyo mtarudishiana.

Kwa kundi E naongeza onyo dogo. Siku hizi kila mwanamke anaambiwa abane misuli ya msamba. Zoezi hilo humsaidia anayevujisha mkojo akikohoa. Lakini kama tendo la ndoa linauma na mkojo unachelewa kuanza, huenda misuli hiyo tayari imekaza mno, na kuibana kunaongeza maumivu. Wewe fanya kinyume: lala chali, vuta pumzi tumbo lipande, toa taratibu, uiachie sehemu ya chini ilegee, dakika tano kila siku, wakati ukisubiri majibu.

Umefaulu: umeandika herufi moja kwenye daftari. Ukiwa na mbili, anza na ile inayokunyima usingizi.

## Hatua ya 3: Siku tatu za kwanza

Lengo ni kutuliza maumivu yashuke kiwango cha kukuruhusu utembee. Kupona si kazi ya siku hizi tatu.

Usilale siku nzima. Zaidi ya siku moja au mbili kitandani, misuli inalegea na maumivu yanadumu. Badilisha mkao kila dakika 20 hadi 30: kaa, simama, tembea ndani ya ua, lala kidogo. Mkao unaopumzisha mgongo ni kulala chali sakafuni huku miguu, kuanzia magotini, ikiwa juu ya kiti. Kaa hivyo dakika kumi.

Weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Usiiweke kwenye sehemu yenye ganzi. Utaungua bila kuhisi. Mjamzito asiiweke tumboni.

Kuhusu dawa. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, isizidi mara tatu kwa siku na kwa siku chache tu, inasaidia wengi. Usiimeze kama una mimba, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, au unatumia dawa za presha, mpaka uongee na mfamasia au daktari. Usiichanganye na diklofenaki: ni za kundi moja, na tumbo na figo ndivyo vitakavyolipa.

Sindano ya diklofenaki ni dawa ileile ya kidonge, imepita njia nyingine tu. Ikichomwa vibaya kalioni inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwenye vikaratasi, vinavyokuondolea maumivu yote kwa usiku mmoja, uviogope. Vikiwa na steroidi, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja, na hiyo ni nyonga uliyokuwa unaitibu.

Umefaulu: unaweza kutembea dakika tano mfululizo, na umelala angalau saa nne bila kuamshwa na maumivu.

## Hatua ya 4: Mazoezi ya herufi yako

Soma kanuni hii kabla ya zoezi lolote, kwa sababu ndiyo watu wanayoivunja. Pima maumivu kutoka 0 hadi 10. Wakati wa mazoezi yasipite 4, na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, usiache, punguza idadi nusu. Usipohisi lolote kwa siku tatu, ongeza kidogo.

Kwa wenye maumivu ya mguuni kuna kipimo kingine. Maumivu yakihama kutoka mguuni kurudi juu, unaenda vizuri, hata kama mgongo wenyewe unauma zaidi kidogo. Yakizidi kushuka kuelekea kwenye unyayo, acha zoezi hilo.

Kundi A, mgongo. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Peleka magoti yote mawili kushoto na kulia polepole, mara 10 kila upande. Kisha kaza makalio, yainue hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu tano, shuka. Rudia mara 8. Maliza kwa mikono na magoti chini: nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, hesabu tano, badilisha, mara 6 kila upande. Mgongo usiyumbe.

Halafu kutembea, zoezi lisilopewa heshima linayostahili kwa kuwa haliuzwi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Nusu ya waliofuata mpango wa kutembea walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiofuata zilikuwa 112. Anza na dakika 10, ongeza taratibu hadi 30, siku tano kwa wiki. Toka alfajiri, kabla jua na vumbi havijaamka.

Kundi B, ungio la nyuma. Kunja khanga iwe kama mkanda mpana wa kiganja kimoja, uifunge chini, kwenye mifupa inayotokeza juu ya mapaja. Ukiifunga kiunoni haifanyi kazi, na kwa mjamzito inabana tumbo. Tembea hatua chache: ikiwa maumivu yamepungua papo hapo, umeifunga mahali sahihi. Ifunge wakati wa kazi na kutembea, ifungue ukipumzika.

Zoezi lako ni kuinua makalio kama kundi A, mto ukiwa katikati ya magoti na ukiubana. Wajawazito wa miezi ya mwisho waubane mto tu wakiwa wamekaa, bila kulala chali. Kitandani jigeuze magoti yakiwa pamoja. Vaa suruali au sketi umekaa. Panda gari kwa kukaa kwanza, ndipo uingize miguu yote miwili.

Kundi C, ungio la nyonga. Kaa kwenye kiti, simama, kaa taratibu, mara 8, mizunguko mitatu. Kiti kikiwa kifupi mno weka mto juu yake. Kisha simama umeshika ukuta, peleka mguu nyuma na pembeni bila kuinamisha mwili, mara 10 kila upande. Usijilazimishe kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kikiwekwa juu ya tundu la choo kinaondoa nusu ya mateso ya siku.

Na ile fimbo. Wazee wetu karibu wote huishika upande unaouma, na huo ndio upande usiofaa. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, nayo itangulie pamoja na mguu wa kulia. Hapo misuli ya nyonga mbovu inapunguziwa kazi, na kuchechemea kunapungua siku hiyohiyo.

Kundi D, ubavu. Kwanza acha kuivuta misuli. Kile kitendo cha kupitisha mguu juu ya mwenzake na kunyoosha kalio, ambacho kila mtu hukupendekezea, huzibana kano hizo kwenye mfupa. Acha pia kukaa miguu imepishana, kusimama foleni umeegemea nyonga moja, na kumbeba mtoto ubavuni. Mbebe mgongoni.

Lala upande mzima, mto katikati ya magoti na vifundo. Zoezi: lala chali, magoti yamekunjwa, khanga imefungwa kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti. Sukuma mapaja nje dhidi ya khanga bila kuyasogeza, shikilia sekunde 20, mara 5, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili au tatu ongeza kupanda na kushuka ngazi moja fupi, mara 8 kila mguu. Kundi hili ndilo linalochelewa kupona kuliko A na B. Jipe miezi mitatu.

Umefaulu: umefanya mazoezi siku tano kati ya saba kwa wiki mbili, na asubuhi zako si mbaya kuliko ulipoanza.

## Hatua ya 5: Rekebisha kazi

Maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20.  Mgongo unaumia zaidi wakati wa kujitwika. Omba utwikwe, na ukifika utuliwe. Ukiwa peke yako, beba madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au liweke la lita 20 kwanza kwenye kitu kilicho usawa wa kiuno.

Shamba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Mwili uliokaa miezi bila jembe unadaiwa kazi ya kutwa ndani ya wiki moja, na ndipo viuno vinakatika. Anza mazoezi ya hatua ya 4 mwezi Oktoba. Wiki ya kwanza ya kulima fanya nusu siku, na kila nusu saa simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara tano. Badilisha mpini mfupi wa jembe uwe mrefu. Kwenye zabibu, matawi ya chini yakate umekaa kwenye kigoda.

Magunia. Gunia la kilo 100 si la mtu mmoja, na lumbesa si la mtu yeyote. Wapakiaji wa soko la nafaka la Kibaigwa wananijua kwa kauli hii na bado wananicheka. Kama ndiyo riziki yako, mzigo uwe karibu na mwili, na usijipinde ukiwa umeubeba: geuza miguu.

Ofisi na bodaboda. Hakuna mkao mzuri wa saa nne. Amka kila nusu saa, hata dakika moja. Ukisafiri kwa basi kwenda Dar, shuka kila linaposimama.

## Hatua ya 6: Pima kwa daftari

Kila Jumapili andika vitu vitatu: umelala kwa muda wa saa ngapi, umetembea dakika ngapi bila kusimama, na umeweza kusimama kutoka kitini mara ngapi ndani ya sekunde 30. Usiandike maumivu tu. Uwezo hutangulia, maumivu hufuata nyuma, na anayetazama maumivu peke yake huacha wiki ya tatu akidhani hakuna kilichobadilika.

Kupiga picha ya mgongo hospitalini mapema hakukuharakishii kupona. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ulionyesha diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizovimba nje kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo karatasi ikisema "diski imetokeza", bado haijasema ndiyo inayokuuma.

## Hatua ya 7: Ukikwama, au maumivu yakirudi

Wiki sita za kweli zikipita bila daftari kusogea (kundi D, wiki kumi na mbili), anzia zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa ya fiziotherapia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, ni ya kanda na hupokea wenye rufaa. Nenda na daftari, pakiti za dawa zote ulizotumia zikiwemo za kienyeji, na herufi yako. Nyonga isiyogeuka, yenye maumivu ya kinena yanayokuamsha usiku, inahitaji eksirei ya nyonga. Hakikisha hawapigi mgongo peke yake.

Maumivu yakirudi baada ya kupona, na kwa wengi yatarudi siku moja, angalia tena orodha ya hatua ya 1, kaa hatua ya 3 kwa siku mbili, kisha rudi kwenye mazoezi yako ukianza na nusu ya idadi uliyokuwa umefikia. Ongeza kila baada ya siku tatu.